Bega Kwanza: Kujijengea Kabati la Nguo za Kutokea

Kabla hujauliza bei ya suti, vaa koti lake, funga kifungo cha juu, kisha simama ubavu wako ukiwa umeelekea ukuta na usogee taratibu. Kinachotakiwa kugusa ukuta mwanzo ni mkono wako, pale juu, chini kidogo ya bega. Ikitangulia kugusa pedi ya koti na mkono wako bado uko mbali, koti hilo ni la mtu mwingine. Lirudishe kwenye henga, hata kama rangi yake imekukaa rohoni, hata kama muuzaji ameshashusha bei mara mbili.

Naanza na bega kwa sababu karibu kila kitu kingine kwenye suti kinarekebishika. Kiuno hubanwa, mikono hufupishwa, suruali hupunguzwa au huachiwa. Bega likikosewa, fundi itabidi afumue mkono, atoe pedi, akate upya kitambaa cha juu, kisha arudishie mkono kwenye tundu lililobadilika ukubwa, na akimaliza hapo kola nayo imehama. Mafundi wengi hawaikubali kazi hiyo. Wanaoikubali haraka haraka ndio wa kuwaogopa.

Somo hili nililipata Kariakoo, kwa fundi mzee aliyekuwa ameweka cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Nilimpelekea suti nyeusi niliyoinunua kwa ajili ya usaili wa kazi, nikitaka anipunguzie. Ilikuwa imekula akiba yangu ya miezi kadhaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Livae nikuone.”

Hakugusa futi. Alinizunguka mara moja, akakamata bega la kushoto kwa vidole viwili na kukunja kilichozidi. Mkunjo ulikuwa mnene kama kidole gumba. Akanivua koti, akaligeuza ndani nje juu ya meza, akanionesha pedi ilivyokaa na mshono wa mkono ulivyoning’inia mbali na mfupa wangu.

“Kiuno nakupunguzia leo hii na hela yako naichukua,” alisema. “Ila bega hili litakuumbua palepale mbele ya watu wa usaili. Kaliuze, hata kwa hasara. Ukija tena, njoo na kitambaa, au njoo na koti la mtumba lenye bega lako. Hayo mengine niachie mimi.”

Njia ni hizo mbili mpaka leo: kitambaa na fundi, au mtumba na fundi. Suti mpya za dukani zipo na baadhi ni nzuri, lakini kwa bei ya wastani nyingi ni za poliesta, na zinapaswa kupita mtihani uleule wa ukutani. Katika njia zote fundi yumo. Ukipanga bajeti ya nguo bila kumtengea fundi fungu lake, umenunua nusu ya nguo.

Rangi ya kwanza

Wengi wetu huanza na suti nyeusi. Bwana harusi kavaa nyeusi, mhubiri kavaa nyeusi, basi ndiyo inayoonekana kuwa suti yenyewe. Kwa kweli nyeusi ni rangi ya usiku. Chini ya taa za ukumbini inatulia na kupendeza. Kwenye jua la saa saba mchana inaonesha kila chembe ya vumbi na kila alama ya chaki, na kama kitambaa ni duni, baada ya miezi michache huanza kung’aa makalioni na viwikoni kama kiatu kilichopigwa rangi.

Ya kwanza iwe bluu iliyoiva, ile ambayo ndani ya nyumba unaweza kuidhania nyeusi lakini ukitoka nje jua linakuambia ni bluu. Bluu hii inakwenda ofisini, benki, kanisani, kwenye usaili, harusini na msibani, na inakaa vizuri juu ya ngozi yetu. Inakubali shati jeupe na la samawati, viatu vyeusi na vya kahawia. Ya pili iwe ya kijivu kilichokoza kiasi. Nyeusi ije ya tatu, kama una shughuli nyingi za usiku. Na ukiwa nazo mbili hizo za mwanzo, unaweza kukaa miaka bila kuihitaji. Mistari na mirabaraba isubiri, kwa sababu suti ya mistari watu huikumbuka, na suti inayokumbukwa huwezi kuivaa mara mbili ndani ya wiki moja.

Kitambaa

Suti ni vazi lililokulia kwenye baridi ya Uingereza. Mafundi wa London wa karne ya 19 walikata vitambaa vizito vya sufu kwa watu waliokaa kwenye nyumba za baridi na kusafiri kwa farasi. Ukilivaa vazi hilohilo Dar es Salaam mwezi Februari bila kubadilisha kitambaa, unajitesa, na jasho litakuharibia nguo kabla ya mwaka kuisha.

Watu wakisikia sufu hufikiria blanketi, ndipo wanapokimbilia poliesta kwa kudhani ni nyepesi. Ni kinyume chake. Sufu nyembamba iliyofumwa kwa nafasi hupitisha hewa na hunywa unyevu wa mwili. Poliesta hufungia joto ndani. Kwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, tafuta sufu ya gramu 220 hadi 260 kwa mita, ambayo ukiinyanyua kuelekea dirishani unaona mwanga unapenya kati ya nyuzi. Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi zinabeba gramu 280 hadi 300 bila shida. Kitani nacho kipo, na mimi nakipenda sana kwa mchana wa Pwani, lakini kinajikunja ukishakaa mara moja, hivyo kisiwe suti yako ya kwanza.

Utajuaje kama uuziwacho ni sufu? Usiamini maandishi ya ukingoni. Huddersfield ni mji wa Uingereza unaosifika kwa kufuma sufu, na kwa sababu hiyo jina lake hupigwa hata kwenye vitambaa ambavyo havijawahi kuuona mji huo. Omba uzi mmoja kutoka ukingoni, uwashe kwa kiberiti juu ya kisahani. Sufu huungua kivivu, hunuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto hujizimia yenyewe. Majivu yake ukiyabana kwa vidole yanasagika. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki, na ikipoa huacha punje ngumu kama shanga. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili zote mbili. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakunyima uzi mmoja.

Kuna pia zile namba: Super 100, Super 120, Super 150. Zinaeleza wembamba wa unyoya wa sufu. Unyoya wa Super 100 hauzidi maikroni 18.75, na wa Super 150 hauzidi 16.25. Kadiri namba inavyopanda kitambaa kinakuwa laini mkononi, na kadiri hiyohiyo kinajikunja na kuchakaa upesi. Mtu anayepanda daladala na kukaa kwenye kiti cha ofisi siku nzima atanufaika zaidi na Super 100 kuliko Super 150, tena kwa bei ndogo.

Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, mwanamume wa umbo la wastani anahitaji mita 3 hadi 3.5 kwa koti na suruali. Kama mfuko unaruhusu, ongeza mita moja na robo au moja na nusu upate suruali ya pili. Suruali ndiyo hufa kwanza, kwenye mapaja na makalioni, na ukirudi dukani mwaka unaofuata hutakuta rangi ileile. Kwa suruali mbili zinazopokezana, koti lako utakaa nalo muda mrefu zaidi.

Mwambie fundi aweke bitana nusu: mabegani, kifuani na mikononi, mgongo wa chini uachwe wazi. Kazi hii inamdai zaidi, kwa sababu mishono ya ndani itaonekana na lazima iwe safi, kwa hiyo usibishane naye akiongeza hela kidogo. Mgongo utakushukuru.

Koti la mtumba

Masoko ya Ilala, Karume, Gikomba, Kongowea: humo yamo makoti ya sufu yaliyoshonwa kwa ufundi ambao mpya wake hungeuweza kwa mshahara wa miezi. Nenda asubuhi, siku ambayo belo linafunguliwa, na uwe umevaa shati la mikono mirefu, kwa sababu koti linapimwa juu ya shati.

Bega kwanza. Likipita, tazama kola: iikumbatie shingo ya shati nyuma bila kuacha mwanya wa kupitisha kidole. Kola inayosimama mbali na shingo ni ugonjwa wa karibu na bega, na tiba yake ni ghali vilevile. Kisha urefu: koti lifunike makalio, au ukiacha mikono ining’inie, pindo lifike karibu na pale vidole vyako vinapojikunja. Urefu nao haurekebishwi kirahisi, maana mifuko iko pale ilipo na haitapanda pamoja na pindo.

Baada ya hapo ligeuze. Inua koti juani na utafute vijitundu vya nondo, hasa chini ya kola na mgongoni. Kimoja kinaweza kuzibwa, vitano maana yake vingine vinakuja. Nusa makwapa, kwa sababu jasho la zamani lililoshika kwenye bitana halitoki. Tazama kifua. Koti lililogundishwa kwa gundi ya joto likifuliwa vibaya kifua huota malengelenge, na hayo hayapigiki pasi yakaisha. Ukibana kitambaa cha kifua chini ya tundu la kifungo kwa vidole vya mikono miwili, mbele na nyuma, ukahisi safu ya tatu inacheza huru katikati, umeshika koti lenye kanvasi iliyoshonwa. Hilo linazidi kukaa umbo la mwili wako kadiri unavyolivaa. Lichukue.

Jambo moja la suti za mitumba: mara nyingi koti limeshaachana na suruali yake. Usijaribu kuoanisha koti la bluu na suruali ya bluu ya kabila jingine. Jicho hulitambua hilo kutoka ng’ambo ya barabara. Livae koti la bluu na suruali ya kijivu, na hapo umepata vazi kamili linalojitegemea.

Kwa fundi

Nenda kwake mwezi mmoja na nusu kabla ya shughuli. Malalamiko mengi juu ya mafundi kutotimiza ahadi huzaliwa na mteja aliyepeleka kitambaa wiki ya harusi, tena msimu ambao jiji zima linaoa. Mpe nusu ya malipo, nyingine siku ya kuchukua. Siku ya vipimo vaa shati na viatu utakavyovivaa na suti hiyo, kwa sababu urefu wa suruali hupimwa hadi kwenye kiatu, na ndala si kiatu.

Simama unavyosimama siku zote. Ukivuta pumzi na kubana tumbo mbele ya futi, utashonewa suti ya mtu anayebana tumbo.

Dai siku ya kujaribisha, koti likiwa limeshikizwa kwa uzi mweupe wa muda. Hapo ndipo panapoamuliwa kila kitu. Inua mikono kama anayeshika bomba la daladala, kaa kitini, nyoosha mkono kama anayesalimiana. Mkono wa koti uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, shati litokeze kwa sentimita moja au moja na nusu. Ukifunga kifungo, kitambaa kisijivute kikatengeneza alama ya mkasi tumboni. Kwenye koti la vifungo viwili funga cha juu tu. Koti hukatwa kwa kukusudia cha chini kibaki wazi, na ukikaa fungua vyote. Suruali ikae kiunoni penyewe, iteremke hadi iguse kiatu kwa kukunjika kidogo sana mbele. Suruali inayojikusanya kifundoni kama pazia hufupisha mtu.

Usisahau kumwomba aache akiba ya mshono, sentimita tatu au nne nyuma ya suruali na kiasi kidogo ubavuni mwa koti. Mwili wa mwanamume haukai ulivyo, na akiba hiyo ya kitambaa ndiyo itakayokuvusha kutoka umri wa miaka 28 hadi 40 bila kununua suti nyingine.

Siku ya kuchukua suti, ya fundi au ya dukani, kata ule uzi mweupe ulioshonwa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma. Kata pia kibandiko cha kampuni kilichoshikizwa nje ya mkono wa kushoto. Viliwekwa kwa ajili ya safari na duka tu. Nimewaona mabwana harusi wakiingia ukumbini navyo, na nimewahi kumfuata mmoja msalani na mkasi mdogo kabla hajapigwa picha. Alinishika mkono kwa nguvu, hakusema neno.

Shati, tai, viatu

Mashati meupe ya pamba, mawili au matatu, kisha la samawati. Kola ikifungwa ipishe kidole kimoja. Ndani vaa fulana nyepesi ya shingo ya V, ili jasho liishie kwenye fulana. Kola ikianza kuwa na mstari wa njano, isugue kwa sabuni ya mche na maji ya vuguvugu kabla ya kuliloweka lote. Jiki hukazia unjano wa jasho na kuila pamba.

Tai zikiwa tatu zinatosha: ya bluu isiyo na maua, nyekundu ya damu ya mzee, na moja yenye vidoa vidogo. Upana wa sentimita 8 haujawahi kupitwa na wakati. Ncha yake iguse mkanda, isipite. Ukirudi nyumbani ifungue fundo kabisa, usiivue kwa kuipanua kitanzi ukaitundika hivyohivyo.

Viatu ndipo penye kazi. Watu hukutazama usoni, kisha miguuni, na kiatu cha plastiki kilichopinda pua kinaweza kuangusha suti nzuri kuliko zote. Anza na cheusi cha ngozi cha mtindo wa oksfodi, ambacho masikio ya kamba yameshonewa chini ya ngozi ya mbele na kamba ikifungwa hukutana. Cha pili kiwe cha kahawia iliyokoza, mtindo wa dabi, wenye masikio yaliyo juu na yanayofunguka. Hicho kinafaa mguu mpana na kinavumilia mchana mrefu. Tazama mahali soli inapokutana na ngozi. Kama uzi unaonekana unapita kuzunguka kiatu, na mishono hiyo ni ya kweli wala si ile ya kuchongwa kwenye mpira, fundi viatu anaweza kukubadilishia soli ikiisha na kiatu kikaishi tena. Kilichogundishwa tu kikiachia kimeachia. Soli ya ngozi ni nzuri ukumbini, lakini kwa masika yetu na matope ya mtaani, iongezewe bamba jembamba la mpira.

Kiatu cha mtumba nakushauri ukiangalie mara mbili. Ngozi inakuwa imeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, na vidole vyako vitalipa.

Usivae kiatu kimoja siku mbili mfululizo. Jasho la mguu linahitaji siku nzima kukauka. Kijaze magazeti yaliyokunjwa usiku, kifute vumbi kabla ya kukipaka rangi, na rangi iwe kidogo, isuguliwe kwa kitambaa hadi joto la mkono liiyeyushe. Mkanda ufuate rangi ya kiatu.

Kanzu

Kabati la nguo za kutokea la mwanamume wa Afrika Mashariki halijakamilika bila kanzu, na ninasema hivi kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Kanzu ni vazi letu la heshima kabla ya suti, na limekatwa kwa hali ya hewa yetu. Uganda, mwanamume anayekwenda kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho kwa wakwe, huvaa kanzu yenye nakshi ya rangi ya zabibu kifuani na koti juu yake, awe wa dini yoyote.

Watu husema kanzu ni kanzu tu, ilhali ina vipimo vyake kama suti. Mwili wake, badani, huteremka wima. Mbavuni huungwa taharizi, zile pande zinazotanuka kuelekea chini na kukupa nafasi ya kupiga hatua. Chini ya makwapa huwekwa vikwapa, vipande vidogo vya pembe vinavyokuwezesha kuinua mkono bila kanzu nzima kupanda. Kanzu za kiwandani mara nyingi huacha vikwapa ili kuokoa kitambaa, na ndiyo maana zinabana ukinyanyua mikono kuomba dua. Uliza kabla ya kulipa. Urefu ufike kifundoni na usiburuze, mabega yaketi mahali pake, na shingo isiwe pana ikaonesha fulana.

Nyeupe ya pamba iwe ya kwanza, ya rangi ya maziwa au udongo mpauko iwe ya pili kwa shughuli za jioni. Darizi ya shingoni ikiwa ya rangi ya kitambaa chenyewe inakaa na kila kitu. Ndani vaa kikoi au suruali nyepesi nyeupe, kwa sababu kanzu nzuri ya pamba jua linaipenya na watu wataona kilichomo. Miguuni makubadhi ya ngozi yaliyo safi. Na lile koti lako la bluu? Hapa linafanya kazi yake ya tatu. Kanzu nyeupe na koti la bluu juu yake ni vazi la kuingilia mahali popote, kuanzia nikahi hadi dhifa ya Ikulu. Ila bega linaonekana zaidi hapa kuliko kwenye suti, kwa kuwa hakuna tai ya kuvuta macho. Joho mwachie bwana harusi na masheikh.

Kofia ndiyo ninayoithamini kuliko vyote kabatini mwangu. Ninayo moja ya viua, iliyoshonwa kwa mkono Unguja. Ukiisogeza karibu na jicho unaona kila tundu, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, limezungushiwa uzi wake, na nakshi imepangwa kwa hesabu ambayo mshonaji ameishika kichwani. Wanawake wengi wa Unguja na Pemba hufanya kazi hii jioni baada ya shughuli nyingine, na kofia moja inaweza kuwachukua miezi. Ile ya mashine utaitambua kwa kuigeuza: nyuzi za ndani zinarukaruka na matundu hayapenyi. Kofia ya mkono haifuliwi na nguo nyingine. Ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, ipake kanji nyepesi, kisha ivishe kwenye faroma, au kwenye kopo lenye ukubwa wa kichwa chako, ikaukie hapo kivulini isije ikasinyaa.

Kuna na suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia: koti la mikono mifupi au mirefu lenye mifuko ya nje, bila tai. Kwa joto letu ni vazi la akili, na likishonwa kwa sufu nyembamba au kitani linapendeza sana. Ila jua nyumba unayoingia. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa la Kenya, Moses Wetang’ula, alilipiga marufuku bungeni, ingawa Rais wa Kenya mwenyewe alikuwa akilivaa hadharani.

Kutunza

Suti haifuliwi kwa maji, na haipelekwi kwa drai klina kila ikivaliwa; dawa zao huikausha sufu. Mara mbili au tatu kwa mwaka zinatosha. Ukirudi, toa kila kitu mifukoni, piga brashi kutoka juu kwenda chini, tundika kwenye henga pana ya mbao iliyojaa bega, iache nje ya kabati usiku mmoja ipate hewa. Pasi isiiguse sufu moja kwa moja. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati. Masika ya Pwani huleta ukungu kabatini, basi siku jua likitoka fungua milango yote. Kanzu zifukize udi kabla ya kuzikunja.

Kuhusu mpangilio wa kununua, nenda hivi. Mwezi wa kwanza viatu vyeusi na shati jeupe, kwa kuwa vinainua hata suruali uliyonayo sasa. Kisha suruali ya kijivu. Kisha koti la bluu, la mtumba au la kushona, na hapo tayari unavaa vizuri kwenye shughuli nyingi. Suti kamili ije baada ya hapo, ukiwa umeshamzoea fundi wako naye ameshaujua mwili wako. Kanzu ingia nayo kabla ya Ramadhani, mafundi wakiwa bado na nafasi. Kofia ya viua iagize leo, kabla ya vyote hivyo, kwa sababu mshonaji atakupimia kichwa kwa uzi, atafunga fundo kwenye ule uzi na kuuweka kwenye kikapu chake, na hutasikia habari zake kwa miezi.